Chumvi na nchi ya chumvi katika Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mahubiri mengi kuhusu chumvi huanza na kuishia Mathayo 5:13, "Ninyi ni chumvi ya dunia." Mstari huo ni mzuri, lakini ukiusoma peke yake unaikosa habari kubwa: waandishi wa Biblia waliijua chumvi kutoka mahali wanapopajua kwa jina, ukingoni mwa Bahari ya Chumvi, katika nchi iliyoungua ya Sodoma. Chumvi iliyopanda madhabahuni na chumvi iliyoua shamba zilitoka bonde moja. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya walimu wa madarasa ya Biblia, wanafunzi, na yeyote anayekutana na mistari hii akajiuliza inahusianaje.

Chumvi ya Biblia ilitoka wapi hasa?

Sehemu kubwa ilitoka Bahari ya Chumvi, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, lililoko kati ya Israeli na Ukingo wa Magharibi kwa upande mmoja na Yordani kwa upande mwingine. Uso wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari kuu, na hakuna nchi kavu duniani iliyo chini kuliko ufuko wake. Mto Yordani unaingia, hautoki. Maji huondoka kwa njia moja tu, kwa kugeuka mvuke, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hubaki. Ndiyo maana chumvi humo hufikia takriban asilimia 34, karibu mara kumi ya bahari ya kawaida.

Watu waliipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyaacha maji yakauke kwenye vidimbwi na mashimo ya ufukweni. Sefania 2:9 anayataja mashimo ya chumvi kana kwamba kila msikilizaji wake anayajua. Ya pili ni kuikata kutoka Mlima Sodoma, upande wa kusini-magharibi. Mlima huo una urefu wa kilomita 10 hivi na karibu wote ni chumvi, uliosukumwa juu kutoka tabaka za chini ya ardhi, nao umefunikwa kofia ya udongo na jasi, madini meupe laini. Kilele chake bado kiko chini ya usawa wa bahari kuu. Maji ya mvua yameuchimba mapango. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba pango la Malham, lililomo ndani yake, lina urefu wa kilomita 10, refu kuliko pango lolote la chumvi linalojulikana.

Kumbuka jambo moja, litatufaa baadaye: chumvi hii haikuwa safi kama ya pakiti. Maji ya ziwa lile yana kloridi ya magnesi nyingi kuliko chumvi ya kula, ndiyo maana ladha yake ni chungu. Mabonge yaliyofika sokoni yalichanganyika na udongo na jasi.

Chumvi ilikuwa pia mali ya serikali. Katika 1 Wamakabayo 10:29 mfalme Demetrio, akitafuta urafiki wa Wayahudi, anaahidi kuwaondolea kodi ya chumvi. Huahidi hivyo mtu anayejua kodi hiyo inauma.

Kwa nini Torati iliagiza kila sadaka itiwe chumvi?

Agizo liko Mambo ya Walawi 2:13, na limewekwa kwa msisitizo usio wa kawaida. Mstari mmoja unalirudia mara tatu: tia chumvi kwenye sadaka ya unga, usiiache chumvi ya agano la Mungu wako ikapungua, toa chumvi pamoja na matoleo yako yote. Mistari miwili nyuma, chachu na asali vimekatazwa visiteketezwe madhabahuni. Tofauti iko wazi. Chachu huumua na kubadili, asali huchacha, lakini chumvi huzuia kuoza. Kitu kinachopelekwa kwa Mungu kilipaswa kuwa na alama ya kudumu.

Uvumba nao ulitiwa chumvi (Kutoka 30:35). Ezekieli 43:24 inawaonyesha makuhani wakiimwaga chumvi juu ya wanyama kabla ya kuwateketeza.

Tukija kwenye Hekalu la pili, habari ni za karibu zaidi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Middot, inataja Chumba cha Chumvi kati ya vyumba vya ua. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya walimu wa Kiyahudi (sehemu ya Menahoti, ukurasa 21), inaeleza kwamba chumvi iliwekwa sehemu tatu: ndani ya chumba hicho kwa ajili ya ngozi za wanyama, kwenye njia ya mteremko ya kupandia madhabahu kwa ajili ya viungo vya nyama, na juu ya madhabahu yenyewe kwa ajili ya konzi ya unga na uvumba. Kuhani alikishika kiungo, akakinyunyizia upande mmoja, akakigeuza, akanyunyiza wa pili, ndipo akakipandisha. Njia ile ilikuwa ya mawe, na damu na mafuta huteleza. Anayefanya kazi hiyo kutwa hukanyaga chumvi.

Ilitumika nyingi sana. Katika Ezra 7:22 mfalme Artashasta anaandika kiasi cha kila kitu kitakachotolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu: talanta 100 za fedha, kori 100 za ngano, bathi 100 za divai, bathi 100 za mafuta. Akifika kwenye chumvi haandiki kiasi. Itolewe tu. Kwa mujibu wa Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, mfalme Antioko wa Tatu naye aliliandikia Hekalu medimni 375 za chumvi, medimni ikiwa kipimo cha Kigiriki.

Wayahudi wana simulizi nyingine ya asili ya agizo hili, ambayo mfasiri mkuu Rashi, wa karne ya 11, aliihifadhi katika maelezo yake ya mstari huu. Mungu alipoyatenga maji siku ya pili ya uumbaji, ya juu na ya chini, maji ya chini yaliachwa mbali naye. Akayaahidi kwamba nayo yatakaribia madhabahu: kwa njia ya chumvi inayotoka baharini, na kwa maji yanayomiminwa Sikukuu ya Vibanda. Naipenda sana simulizi hii. Chumvi inakuwa sehemu ya bahari iliyoruhusiwa kupanda.

"Agano la chumvi" ni nini?

Maneno hayo yanatokea mara mbili. Katika Hesabu 18:19 ni fungu la makuhani, wana wa Haruni, milele. Katika 2 Mambo ya Nyakati 13:5 mfalme Abiya anasimama mlimani na kuwakumbusha watu wa Yeroboamu kwamba ufalme alipewa Daudi na wanawe kwa agano la chumvi. Mara zote mbili maana ni ahadi isiyobatilika.

Sababu mojawapo ni ileile ya sadaka: chumvi haiozi. Nyingine inatoka mezani. Mashariki ya Kati, watu waliokula pamoja mkate na chumvi wamefungwa kwa uaminifu, na kumdhuru mwenzako baada ya hapo ni khiyana. Ezra 4:14 inaonyesha hali hiyo ndani ya ofisi. Maafisa wanaoipinga kazi ya Yerusalemu wanamwandikia mfalme wa Uajemi kwamba kwa kuwa wanakula chumvi ya nyumba yake, hawawezi kutazama tu akivunjiwa heshima. Walikuwa na hila, lakini hoja yao ilieleweka mara moja kule ilikotumwa.

Kama chumvi ni takatifu hivyo, mbona nchi ya chumvi ni laana?

Hili ndilo swali ninaloliona muhimu kuliko yote, na wengi hulikwepa kwa kusema chumvi ina "maana mbili." Maana hizo mbili hazijatengana hivyo.

Mistari ya laana ni mingi. Kumbukumbu la Torati 29:23 inaichora nchi iliyolivunja agano: kiberiti na chumvi, haipandwi, haizai, hata nyasi haioti, kama Sodoma na Gomora. Yeremia 17:6 anamfananisha mtu amtegemeaye mwanadamu na mmea wa jangwani katika nchi ya chumvi isiyokaliwa na watu. Zaburi 107:34 inasema Mungu huigeuza nchi yenye matunda kuwa ya chumvi kwa sababu ya ubaya wa wakazi wake.

Mkulima yeyote wa bonde la Yordani wa chini aliijua hali hiyo kwa macho. Mvua ni haba, jua ni kali, maji ya ardhini hupanda na kukauka juu, yanaacha ukoko mweupe. Mbegu inapoota, chumvi ya udongoni huinyima maji, ikanyauka ingawa ardhi ina unyevu. Lakini nenda hadi En-gedi, ufuko wa magharibi wa ziwa: chemchemi ya maji matamu inatiririka kutoka mwambani, kuna miti na mbuzi-mwitu, na chini yake kidogo tu ni ziwa ambalo samaki hawezi kuishi. Mwandishi wa Biblia aliyesimama hapo hakuhitaji kubuni mfano.

Sasa sikiliza Talmudi. Katika Menahoti 21, walimu wanapojadili ni chumvi ipi itumike madhabahuni, wanaitanguliza chumvi ya Sodoma. Nyingine inaruhusiwa endapo hiyo haipatikani. Chumvi ya ule mji uliopinduliwa! Nchi iliyobaki kuwa ushahidi wa hukumu ndiyo iliyoleta kile ambacho bila hicho hakuna sadaka iliyokubalika. Kwangu mimi, mtu akifundisha chumvi ya madhabahu bila nchi ya chumvi amefundisha nusu.

Ayubu 39:6 inaongeza jambo ambalo husahaulika. Mungu anamuuliza Ayubu ni nani aliyempa punda-mwitu uhuru, kisha anasema yeye mwenyewe ndiye aliyemfanyia nchi ya chumvi kuwa makazi yake. Pale binadamu anapoona laana, mnyama amepewa nyumba. Na Ayubu 30:4 inawataja maskini waking'oa majani ya kichaka cha nyikani wapate kula. Wafasiri wengi wanaamini ni kile kinachoota kwenye udongo wa chumvi na majani yake yana chumvi. Hata huko pana chakula, kichungu.

Mkewe Lutu aligeuka kweli nguzo ya chumvi? Nguzo hiyo ipo?

Mwanzo 19:26 inasema kwa ufupi: alitazama nyuma, akawa nguzo ya chumvi. Kwenye miteremko ya Mlima Sodoma ziko nguzo za chumvi zilizochongwa na mvua, na mojawapo, juu ya barabara inayopita ufukweni, wageni huonyeshwa kwa jina la mke wa Lutu. Nguzo za namna hiyo huvunjika na nyingine kujitokeza, kwa hiyo inayoonyeshwa leo haiwezi kuwa ileile waliyoonyeshwa watu wa kale. Yosefo aliandika kwamba aliiona nguzo hiyo kwa macho yake na ilikuwa bado imesimama. Hekima ya Sulemani 10:7 nayo inaitaja, kuwa ukumbusho wa nafsi isiyoamini.

Walimu wa Kiyahudi waliuliza: kwa nini chumvi, si jiwe? Midrashi ya Mwanzo, ufafanuzi wao wa kale wa kitabu hicho, inajibu kwamba alikosa kwa chumvi. Wageni wa Lutu walipofika usiku ule, alikwenda kwa majirani akiomba chumvi kwa ajili ya wageni, na hivyo akautangazia mji kwamba nyumbani kuna watu. Biblia yenyewe haina habari hiyo, lakini inaonyesha jinsi walivyosoma: ukarimu uliogeuzwa usaliti, tena kwa kitu kilekile kinachofunga uaminifu mezani.

Yesu anatumia maneno machache tu: "Mkumbukeni mkewe Lutu" (Luka 17:32). Anasema hivyo katika mazungumzo kuhusu mtu aliye darini asishuke kuchukua vitu vyake.

Waislamu husoma habari hiyo hivyohivyo?

Katika Kurani mke wa Lutu anabaki nyuma na kuangamia pamoja na waliobaki, lakini chumvi haitajwi. Kwa Kiarabu ziwa lenyewe huitwa Bahr Lut, Bahari ya Lutu.

Abimeleki alimwaga chumvi Shekemu. Je, aliiua ardhi?

Hapana. Waamuzi 9:45 inasema aliuteka mji, akawaua watu, akaubomoa na kuupanda chumvi. Hebu fikiria kiasi ambacho kingehitajika kuua mashamba ya mji mzima. Hakuna jeshi lingekibeba, wala mfalme asingekitupa, maana chumvi ilikuwa ghali. Ilikuwa tamko la laana: mji huu usiinuke tena. Wafalme wa Ashuru walifanya vivyo hivyo; Ashurbanipali anajisifu katika maandiko yake kwamba aliimwagia nchi ya Elamu chumvi.

Na Shekemu uliinuka. Katika 1 Wafalme 12 Israeli yote inakusanyika huko kumtawaza Rehoboamu, na Yeroboamu anaujenga mji na kukaa ndani yake. Laana ya Abimeleki haikushika.

Mara nyingi watu huongeza hapa kwamba Warumi nao waliimwagia chumvi Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 146 KK. Hakuna mwandishi wa kale aliyesema hivyo. Ni hadithi iliyoingia vitabuni karne za karibuni. Iacheni.

Elisha aliponyaje maji kwa kuyatia chumvi?

Kwa akili ya kawaida chumvi huharibu maji ya kunywa, na hapo ndipo ishara ilipo. Katika 2 Wafalme 2:19-22 watu wa Yeriko wanamwambia nabii kwamba mji wao ni mzuri ila maji ni mabaya na nchi haizai. Anaomba chombo kipya chenye chumvi, anakwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe, anaitupa humo, na kusema kwa jina la Bwana kwamba maji yameponywa. Chombo kipya, chumvi, na neno la Mungu: ni lugha ya sadaka. Yeriko iko karibu kabisa na ziwa la chumvi, wakazi wake walijua chumvi ifanyavyo shambani. Nabii akakichukua kile walichokiogopa.

Chemchemi inayohusishwa na habari hiyo, Ain es-Sultan, bado inatoa maji chini ya kilima cha Yeriko ya kale, Tell es-Sultan, ambacho mwaka 2023 kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kwa nini mtoto mchanga alisuguliwa chumvi?

Ezekieli 16:4 inaieleza Yerusalemu kama mtoto aliyetupwa: kitovu hakikukatwa, hakuoshwa, hakutiwa chumvi, hakufungwa nguo. Orodha hiyo inatuonyesha mkunga wa zamani alifanya nini. Daktari Soranus wa Efeso, wa karne ya pili, naye alishauri mtoto anyunyiziwe chumvi laini ili ngozi ikaze. Mila hii ilidumu miaka mingi katika nchi za Mashariki ya Kati. Tafadhali usiijaribu: ngozi ya mtoto mchanga hupitisha chumvi mwilini, na chumvi ikizidi kwenye damu yake inaweza kumuua.

"Ninyi ni chumvi ya dunia." Chumvi inawezaje kuharibika?

Chumvi safi haiharibiki. Iache miaka 50, bado ni chumvi. Ndiyo maana swali la Yesu limewasumbua wasomaji tangu zamani, na yako majibu mawili ya maana.

La kwanza ni la sokoni. Nilisema juu kwamba bonge la chumvi ya ziwa lile lilikuwa na udongo na jasi ndani yake. Likinyeshewa au likikaa mahali penye unyevu, chumvi ya kweli huyeyuka kwanza na kuondoka, likabaki bonge jeupe lenye umbo lilelile lisilo na ladha. Mama akilionja analitupa nje, njiani, likanyagwe. Luka 14:35 inaongeza kwamba halifai hata kwa shamba wala kwa jaa.

La pili linatoka Talmudi (Bekhoroti 8b). Wazee wa Athene wanamjaribu Rabi Yehoshua ben Hanania kwa maswali, mojawapo: chumvi ikiharibika itatiwa nini? Anajibu: kondo la nyuma la nyumbu. Wanamuuliza, kwani nyumbu huzaa? Naye anawauliza, kwani chumvi huharibika? Rabi huyo aliishi karne ya kwanza hadi ya pili, si mbali na siku Injili zilipoandikwa. Ikiwa msemo huo ulikuwa unazunguka, Yesu alikuwa anataja jambo lisilowezekana kwa makusudi. Mwanafunzi asiye na ladha ni kitu cha ajabu kisichopaswa kuwepo.

Mimi naegemea jibu la kwanza, kwa kuwa Yesu anamalizia na watu wanaokanyaga. Mtu anayesema hivyo ameliona bonge njiani.

Kuhusu maana: wahubiri huchagua kati ya ladha na kuhifadhi. Wasikilizaji wa Galilaya walijua yote mawili. Magdala, mji wa ufukweni mwa ziwa lao, uliitwa kwa Kigiriki Tarikea, jina linalotokana na samaki wa kutiwa chumvi, na samaki hao walisafirishwa mbali. Lakini walijua pia madhabahu. Ninyi ni chumvi ya dunia, kwa Myahudi aliyewahi kupanda Yerusalemu, ilimaanisha vilevile: dunia ni sadaka, nanyi ndiyo chumvi ambayo bila hiyo haipandishwi.

Jambo dogo: si lazima kuongeza kwamba askari wa Kirumi walilipwa mshahara wa chumvi. Ushahidi wa malipo hayo haupo, na mstari unasimama vizuri bila hilo.

Marko 9:49, "kila mtu atatiwa chumvi kwa moto", inamaanisha nini?

Ni miongoni mwa mistari migumu zaidi ya Injili hiyo. Ufunguo ni Walawi 2:13. Hati kadhaa za kale za Marko zinaongeza hapa kwamba kila sadaka itatiwa chumvi, na inaonekana mnakili wa mapema alikuwa amekwisha kuielewa hivyo. Mwanafunzi mwenyewe ndiye sadaka. Moto ni majaribu. Mstari unaofuata unakuja kwa upole: "Mwe na chumvi ndani yenu, mkakae na amani ninyi kwa ninyi." Hapo tumerudi kwenye agano la chumvi, la watu wanaokula pamoja. Tusisahau sura hiyo ilianza kuwa na ugomvi pale wanafunzi walipobishana nani mkubwa.

Wakolosai 4:6 ni nyepesi kidogo: maneno yetu yawe na neema, "yakikolea munyu," yaani chumvi. Mtu asiseme ovyo, wala asiseme maneno chapwa.

Wayahudi wa leo wanaitumiaje chumvi?

Hekalu liliharibiwa mwaka 70, na madhabahu ikahamia mezani. Talmudi (Berakhoti 55a) inasema wakati Hekalu lilipokuwepo madhabahu ilimfanyia mtu upatanisho, na sasa ni meza yake. Ndiyo sababu mkate wa Sabato huchovywa kwenye chumvi kabla ya kuliwa, kwa wengi mara tatu.

Nyama nayo huandaliwa kwa chumvi ili damu itoke, maana kula damu ni marufuku. Huloweshwa majini nusu saa, hunyunyiziwa chumvi ya mawe pande zote, huachwa saa nzima mahali palipoinama ili damu ichuruzike, halafu husuuzwa mara tatu. Chumvi laini haifai, huyeyuka kabla ya kuvuta damu. Na baada ya mlo, baadhi huosha ncha za vidole. Sababu inayotolewa na Talmudi ni chumvi ya Sodoma, ambayo ikibaki vidoleni na kuingia machoni hupofusha. Ileile iliyotangulizwa madhabahuni.

Na makanisa? Je, "chumvi ya upako" imo katika Biblia?

Katika kanisa la Kilatini, yaani Katoliki la Roma, kwa karne nyingi, mtu aliyeandaliwa kubatizwa aliwekewa chumvi kidogo ulimini. Agostino, mwalimu wa kale wa kanisa, anakumbuka katika kitabu chake Maungamo kwamba alitiwa chumvi hiyo tangu utoto. Ibada mpya ya ubatizo wa watoto ya mwaka 1969 haina tendo hilo, ila kubariki chumvi na kuichanganya na maji ya baraka bado kunaruhusiwa, na sala yake inamtaja Elisha.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, wengi huuliza juu ya chumvi inayouzwa na baadhi ya watumishi ili imwagwe mlangoni, dukani au shambani kuondoa mikosi. Nasema wazi: hakuna mstari unaoagiza hivyo. Elisha alifanya mara moja, mahali pamoja, kwa neno alilopewa, wala hakuwatoza watu wa Yeriko. Anayemwaga chumvi ili kuharibu, katika Biblia, ni Abimeleki, na mwisho wake ulikuwa jiwe la kusagia kichwani. Mjane akiambiwa atoe akiba yake ili apate pakiti ya chumvi, huo ni unyonyaji, hata ukisemwa kwa jina la Bwana.

Magadi ya Biblia ni chumvi?

Ni kitu kingine. Mithali 25:20 inataja siki juu ya magadi, na Yeremia 2:22 magadi ya kuoshea. Hayo ni ya jamii ya magadi tunayoyajua kutoka maziwa ya Magadi na Natron: ukiyatia siki yanatoa povu, chumvi ya kula haifanyi hivyo. Wamisri walikausha maiti kwa magadi hayo.

Mwishowe nchi ya chumvi itaponywa?

Ezekieli 47 anaona maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu, yakielekea mashariki, yakizidi kina hadi hayavukiki, yakishuka bonde la Araba na kuingia Bahari ya Chumvi. Maji ya bahari yanaponywa. Wavuvi wanasimama kutoka En-gedi hadi En-eglaimu wakianika nyavu, na samaki ni wengi kama wa Bahari Kuu, yaani Mediterania. Ukijua ziwa lile lilivyo, hii ni ahadi ya kushangaza.

Halafu mstari wa 11: matope yake na madimbwi yake hayataponywa, yameachwa yawe ya chumvi. Wengi wanausoma kama doa kwenye maono, sehemu iliyoshindikana. Rudi sura nne nyuma. Katika 43:24 makuhani wa Hekalu hilohilo jipya wanahitaji chumvi ya sadaka. Nabii alikuwa kuhani. Alijua chumvi hutoka wapi. Madimbwi hayo yameachwa kwa sababu yana kazi. Hata nchi ikiponywa, sehemu yake ya Sodoma inaendelea kulihudumia Hekalu.

Ziwa lenyewe leo linakwenda kinyume cha maono hayo. Kina kinashuka takriban mita moja kila mwaka, kwa kuwa maji ya Yordani na ya mto Yarmuki unaoingia humo yanachukuliwa kabla ya kufika, na viwanda vya madini vya kusini vinakausha mengine. Chumvi ya chini ya ardhi inayeyushwa na maji matamu, ardhi inadidimia, na maelfu ya mashimo yamefunguka ufukweni.

Kikundi chetu kina jioni moja tu. Tusome nini?

Someni Walawi 2:11-16, kisha Kumbukumbu la Torati 29:22-25, mkae nazo kidogo bila kuzipatanisha haraka. Halafu 2 Wafalme 2:19-22 na Ezekieli 47:1-12. Mathayo 5:13 isomwe mwisho, na Marko 9:49-50 baada yake muda ukiruhusu. Wekeni chumvi ya mawe kidogo mezani, kila mmoja aionje kabla ya kufungua Walawi.